Kambale namba mbili

Butembo, siku ya Mungu, mwezi wa kumi na moja. Saa tisa na nusu ya muchana.

Mvua ilianza wakati tulikuwa tunatoka ku kanisa, na nilifurahi kuona vile inapiga batu njiani. Bamama na vitambaa vyao vya siku ya Mungu, bazee na Biblia mu mifuko ya plastiki, bote balikimbia mu matope ya mutaa yetu ya Kimemi kama kuku. Mimi nilikuwa na mwavuli mukubwa. Sikumufunika mutu.

Njo vile niko leo. Mwenye anatafuta maneno ya kumutia moyo, aende kusoma blogu ingine; hii ni shajara yangu.

Nianze na kazi yangu, juu kwa kazi yangu sisikii haya. Ama niseme, sikuwa nasikia. Mimi ni technicienne ya majengo. Kanisa yetu iko inajenga maternité, nyumba ya bamama kuzalia, ku Beni, mu commune ya Beu, mais comité ya ujenzi inakaa huku Butembo. Kati ya hapa na kule iko barabara, na ile barabara kila mutu wa huku anaijua. Kuna siku inapitika, na kuna siku bunduki zinalia, batu banabakia nyumbani banaomba.

Mbele, comité ilikuwa inajenga kwa kutumana karatasi. Unamupatia mutu wa pikipiki plan ya nyumba, anaikunja mu koti, mvua inamupiga njiani, inafika Beni imelegea kama bugali ya jana. Kulikuwa plan tatu za nyumba moja zenye zilikuwa zinatembea wakati moja. Fundi moja akafuata ile ya zamani, akaweka mulango ya chumba ya dawa inaangalia ukuta. Ukifungua, unakuta matofali. Tulicheka siku mbili, kiisha tukabomoa.

Njo mimi nikaleta logiciel, programu ya simu ya kusimamia chantier, mahali banajenga.

Niliipigania na meno. Bazee ba comité balisema nyumba inajengwa na mikono, hapana na simu. Nilibaonyesha. Kila asubui chef de chantier anapiga picha ku Beni, na picha yenyewe inajiandika siku na saa. Plan iko moja tu, ya mwisho, na za zamani zinajifunga. Kila kazi iko na jina ya mwenye aliifanya, na jina ya mwenye aliikubali. Inakukumbusha béton ya jana, ile zege, inyweshwe maji. Inakukatalia kutoa mbao zenye zinashikilia poutre, muhimili wa zege wa juu, mbele ya siku ishirini na moja, inapiga kelele na rangi nyekundu. Na réseau ya simu ikikosa, haipotezi kitu. Inangoja, kiisha réseau ikirudi inatuma yote yenyewe, hata kama wewe umelala.

Siku ya kwanza Papa Pasta aliona ukuta ya Beni ku projecteur, tofali kwa tofali, alitoa miwani, akaipanguza, akasema, "Kahindo, umetupatia macho." Kutoka ile siku nilikuwa natembea mu Kimemi kama mutu mwenye iko na macho ya kuazimisha wengine. Barabara ikifungwa, mimi nilikuwa natembea mu maternité ya Beu na viatu yangu safi, nimekaa ku bureau na chai. Nitasema vile mupaka leo: ile logiciel ni kitu muzuri sana. Haikudanganya hata mara moja.

Mimi njo mwenye kudanganya.

Sasa majina. Mwenye anasoma kutoka mbali ajue kwamba kwetu Banande mutoto anazaliwa na jina yake tayari. Mwanaume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Banamuke nabo bako na majina yao ya kuzaliwa; Kahindo ni moja, njo mimi. Baba anaweza kukuongezea jina ya kanisa na jina ya babu, mais ku chantier utaitwa ile ya kuzaliwa. Donc siogopi kuandika majina hapa, hayamutoi mutu inje. Ukiita Kambale mu soko ya Butembo, utapata wa kukusaidia kubeba mizigo.

Ku chantier ya Beu kulikuwa ba Kambale batatu. Papa Mumbere, chef de chantier, muzee mwenye alinifundisha kushika timazi wakati nilikuwa ningali mu masomo, alibaita vile bafundi banaitana: Kambale Murefu, Kambale Diacre mwenye ni shemasi, na Kambale Kakao, juu huyu wa mwisho iko na shamba ya kakao ku Mangina na kinywa yake ni kakao asubui mupaka magaribi. Mimi niliona ile ni majina ya kijiji. Mu logiciel niliandika Kambale 1, Kambale 2, Kambale 3. Kakao njo alikuwa namba mbili.

Papa Mumbere aliniambia, na heshima yake yote, "Madame, batu hapana magunia. Gunia njo tunaandikaka namba."

Nilimujibu mbele ya bafundi bote kwamba mutu mwenye hajui kufungua simu yake asifundishe benye banajua. Balicheka. Yeye aliangalia truelle yake, ule mwiko wa kujengea. Nilisikia utamu, naandika vile ilikuwa.

Kiisha mwezi wa nane Kakao akaacha kazi, akarudi Mangina kuvuna. Nyuma ya siku kumi hivi, kukakuja fundi mupya kutoka Kyondo. Mutu wa miaka makumi ine na kitu, mupole, hajui kusoma, hajui kubishana. Naye Kambale, kweli. Bafundi balimuita Kambale ya Kyondo siku ile ile.

Ilibidi nifunge jina ya zamani na nifungue mupya. Ni dakika kumi. Mais kufunga jina, logiciel inaomba uandike sababu, na kila mutu wa comité anapata habari mu simu yake. Ilikuwa muchana, na saa nane tulikuwa na mazoezi ya chorale. Niliwaza, Kambale ni Kambale. Nikamuacha mutu wa Kyondo aingie mu namba mbili, na kazi zote za Kakao zikabakia chini yake. Kanzu ya mutu mwingine, na matope yake yote.

Ku mwisho wa mwezi wa tisa, poutre ya juu ya chumba ya kuzalia ikapasuka. Ufa yenye kidole inaingia. Haikuangukia mutu, Mungu ni mukubwa, mais ilibidi kusimamisha yote, kuweka nguzo za mbao, na kubomoa. Na kubomoa poutre ile, shajara, si kubomoa béton ya mutu mwenye pesa. Mawe na muchanga ya maternité ile, bamama ba kanisa njo balibeba, siku ya salongo, kazi ya bote bila malipo, juma kwa juma, ku mugongo, kamba ku kipaji ya uso. Bengine balikuwa na mimba. Habari ilifika Kimemi mbele ya picha.

Comité ikakutana ku salle ya kanisa, siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, asubui. Bamama balikuja bila kuitwa, basimama ku madirisha. Papa Pasta aliniangalia. "Kahindo, wewe njo macho yetu. Nani alifanya hii?"

Nilikuwa nimetayarisha kila kitu. Na hapa niandike polepole, juu hii sijaiambia mutu.

Ku page ya ile kazi kulikuwa maneno tatu. Juu, siku: tarehe nane, mwezi wa nane. Katikati, picha ya mikono mbili inavuta ubao, na chini yake: Kambale 2, mbao zimetolewa, siku ya tisa. Siku ya tisa, wakati ilibidi ishirini na moja. Na chini kabisa, na herufi kidogo: imekubaliwa na Kahindo.

Ni kweli. Nilikubali. Logiciel ilipiga kelele na rangi nyekundu, mimi nilikuwa ku bureau nakula muhogo na karanga, nikabonyeza "kubali" vile unafukuza inzi. Sikufungua hata picha.

Donc mbele ya mukutano niliongeza ukubwa ya picha ku projecteur, kidogo kidogo, mupaka ule mustari wa chini ukatoka inje ya kitambaa. Niliacha siku na mikono na Kambale 2. Njo nikabaita baingie.

Papa Pasta alisoma kwa sauti: Kambale 2. Na mimi, nikiwa nimesimama pale na kifimbo ya kuonyesha mu mukono, macho yangu yakapanda juu, ku tarehe. Tarehe nane. Mutu wa Kyondo alikuja nyuma ya pale. Ile mikono ilikuwa ya Kakao, mwenye iko Mangina anakausha kakao yake.

Nilijua palepale. Asiseme mutu kwamba nilijua nyuma.

Muzee moja akauliza, "Kambale gani?" Mama moja ku dirisha akasema, "Si ule bwana ya mama wa mawese, wa hapa Kimemi? Njo ule iko ku Beu." Bote baligeuka kuniangalia. Nilikuwa na pumzi mbili za kusema. Kama ninasema, "Ngojeni, jina imechanganyika," bataniuliza nani aliichanganya. Batarudisha picha ku ukubwa yake. Batasoma chini. Na macho yenye niliazimisha kanisa yote, batayang'oa.

Nikasema, "Logiciel inaonyesha Kambale 2."

Hapana uongo hata moja mu ile maneno. Uone vile niko mwerevu.

Nilimupigia Papa Mumbere simu mimi mwenyewe, kumuambia comité imekata: Kambale namba mbili atoke ku chantier. Nilingoja aseme, "Mais huyu alikuta poutre tayari." Hakusema. Aliuliza tu kama maneno ya picha yameisha, nikasema yameisha, akasema sawa. Nilielewa vizuri. Kakao hakuamuka tu asubui na kutoa mbao. Papa Mumbere njo alimutuma, juu alizitaka kwa upande wa pili ya nyumba. Donc tulikuwa babili. Muzee mwenye alinifundisha timazi na mimi, kila mutu ku mwisho wake wa simu, tunamushikilia mutu wa tatu chini ili asiinuke.

Kambale ya Kyondo akashuka Butembo peke yake, na ile barabara yenye sisi ba comité tunaiogopa.

Bazee ba kanisa balimuita. Balimuuliza. Hakukuwa tarehe, hakukuwa picha, kulikuwa jina tu. Alisema hakumbuki poutre ile, mais alitoa mbao nyingi ku chantier, pengine alihesabu vibaya. "Mimi sisomi. Kama mashine imeandika, mashine haina sababu ya kunichukia." Bazee baliona ni mutu anazunguka. Balimutoa ku meza ya Bwana mupaka atubu mbele ya kanisa.

Sijui kama mutu wa mbali anaelewa hii. Kwetu kutengwa si kukosa kipande ya mukate tu. Bibi yake anauza mawese hapa Kimemi, ku kona ya njia yangu. Bamama benye balibeba mawe balianza kupita mbele ya vidumu vyake bila kugeuza shingo. Hapana kumutukana, hapana. Kumupita tu. Mutoto wao wa kike alikuwa mu chorale ya batoto, akaacha kukuja. Na mimi nilipita pale kila asubui, juma sita. Siku ya kwanza nilimusalimia. Siku ya pili nilivuka barabara. Nikaanza kununua mawese yangu mbali, ku mama mwingine, yenye ni mubaya, inakuwasha koo.

Na logiciel ikaendelea kusifiwa. Parokia mbili zikaniita nizifundishe. Balisema, tangu kanisa ya Kimemi ilete ile programu, mukosaji anapatikana siku moja. Nilienda. Nilifundisha. Nilionyesha hata page ile, na picha yake kubwa.

Njia ya uongo ni fupi, banasemaka. Hii yangu ilienda Beni ikarudi, ikapata na kazi njiani.

Leo alitubu.

Alisimama mbele, chemise nyeupe imepigwa pasi mupaka inalia, mikono nyuma. Bibi yake alikaa benchi ya mwisho, mutoto pembeni. Alisema bila kusoma, juu hajui kusoma, alikuwa ameshika maneno mu kichwa: "Mimi Kambale, nilitoa mbao mbele ya siku. Niliweka maisha ya bamama na batoto mu hatari. Naomba Mungu anisamehe, na kanisa inisamehe." Sauti haikukatika.

Muzee moja akamushika mukono, akamurudisha ku benchi ya mbele. Bamama bale bale ba madirisha balipiga vigelegele. Moja alienda kumukumbatia bibi yake, na ule bibi alilia na bega zote, kama mutu mwenye ametolewa muzigo yenye alisahau uzito yake. Chorale ikasimama kuimba. Mimi niko sauti ya pili. Niliimba yote, sikukosea hata mahali moja, na mwenye kuongoza aliniinamishia kichwa kunisifu.

Kiisha mvua, kiisha mwavuli, yenye nimekwisha andika.

Nilifika ku bureau, iko karibu na kanisa, ningojee pale mvua iishe. Nikasikia mutu anakohoa ku baraza, vile mutu anakohoa ili asikike bila kupiga hodi. Ni yeye. Chemise imeshikana na mwili. Hakutaka kuingia, alisema atalowesha karatasi zangu.

"Wasingya, Madame," akasema. Asante, kwa kinande. Alikuwa amekuja kunishukuru. Bazee balimuambia siku ile ya mukutano mimi sikuongeza neno hata moja ya kumugandamiza, nilisoma tu yenye imeandikwa.

Nilimuambia hapana neno. Shajara, nilimuambia hapana neno.

Mais alikuwa na kitu ingine. Bibi yake anamuulizaka siku gani aliifanya. Anataka kuijua, ili wakati banaomba nyumbani bataje ile siku na kuifunga, isirudi tena mu nyumba yao. "Mashine inajua siku. Unisomee, tafazali."

Ningeweza kumuambia réseau imekosa. Ilikuwa imekosa kweli, juu ya mvua. Mais zile kazi za zamani zinabakia mu simu, na sijui juu ya nini, pengine ni vile alikuwa analowa tu pale bila kuomba kuingia, nikafungua. Nikasoma: tarehe nane, mwezi wa nane.

Akarudilia, polepole. Tarehe nane. Mwezi wa nane. Akaanza kuhesabu na vidole, anagusa moja moja na kidole kubwa. Akafika mahali, akaanza tena kutoka mwanzo. Mimi nilikuwa nimekwisha jua hesabu itatoka wapi, na nikamuacha aifanye.

"Tarehe nane tulikuwa Kyondo," akasema. "Tulikuwa tunazika mama yangu. Ku Beu nilikuja kiisha matanga."

Simu ilikuwa ingali wazi mu mukono yangu.

Aliangalia simu, hakuniangalia mimi. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na alingoja kidogo kama mutu anayetaka ipunguke ili asikike vizuri. Kiisha akauliza, na sauti ile ile ya asubui:

"Kama hapana mimi, nilitubu zambi ya nani?"

Nikamuambia ya Kakao. Nikamuambia ya Papa Mumbere. Nikamuambia, na ya kwangu, na nikamueleza yote, namba mbili, muhogo na karanga, picha yenye niliongeza ukubwa. Nilisema haraka haraka, vile mutu anatapika. Nilifikiri atanipiga. Nilitaka kidogo anipige.

Alikaa ku mawe ya baraza. Alifikiri wakati murefu. Mutu mwenye hasomi anafikiri na mwili yote, mabega yanashuka, yanapanda.

"Usiseme, Madame."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Leo bamenipokea. Bibi yangu amelia, mutoto amesema siku ya Mungu inayokuja anarudi ku chorale. Ukisema, bazee bataniuliza juu ya nini nilisimama mbele ya meza ya Bwana na kukubali kitu yenye sikufanya. Ile nayo ni uongo. Batanitoa tena. Acha ibakie vile iko."

Na mimi nilifurahi.

Sitaki kuizunguka. Nilisikia furaha kutoka ku tumbo mupaka ku shingo, furaha ya mwizi mwenye anaambiwa na mwenye nyumba achukue na kiti. Nilimuambia, "Sawa, Papa Kambale, nimesikia." Alisimama, akanipatia mukono na kuinamisha kichwa kidogo, vile banamupatiaka mukono mutu mukubwa, akaingia mu mvua. Mwavuli ilikuwa nyuma ya mulango. Nilimuangalia mupaka akapinda ku kona ya mawese.

Ningeishia pale. Nilikuwa nimekwisha vaa koti. Njo nikaona ujumbe wa Papa Mumbere, yenye ulikuwa umeingia asubui tukiwa ku kanisa.

"Madame, tumepata fundi wa kumalizia poutre. Anaanza kesho lundi, saa moja. Ni Kambale. Nimuweke ku namba mbili?"

Nimeusoma mara ngapi, sijui. Ule muzee anajua kila kitu yenye mimi najua. Anaweza kuwa ananiuliza. Anaweza kuwa ananisaidia, majina yote mabaya yabakie mu tundu moja. Ao anarudisha lile neno ya magunia, na heshima yake yote, nyuma ya miezi hii yote. Haijalishi. Kesho asubui mutu mwenye simujui, mwanaume wa pili wa mama moja mwenye simujui, atasimama mbele ya Papa Mumbere na truelle mupya, na atavalishwa poutre yenye ilipasuka, na aibu ya Kyondo juu yake, na atasema asante kwa kazi.

Nimefungua Kambale 2. Nimebonyeza "funga jina". Logiciel imeniuliza sababu, kama ile siku ya mwezi wa nane yenye nilikuwa na haraka ya kwenda kuimba. Nafasi yake ni mustari moja. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Nilianza na Kakao, nikafuta. Nilianza na Papa Mumbere, nikafuta haraka zaidi. Sasa kumebakia neno moja: Kahindo. Na chini yake nimerudisha picha ku ukubwa yake, mustari wa chini unaonekana.

Najua yenye nimemufanyia Kambale ya Kyondo kwa hii. Aliniomba kitu moja mu maisha yake, na nimemukatalia kiisha kumuambia sawa. Bazee batamuita tena. Siku ya Mungu inayokuja nitasimama pale alisimama, mbele yake, na kama banatafuta wa kutenga kwa uongo, mimi niko tayari, na niko na uongo ya kutosha batu babili. Pengine batanisikiliza. Pengine batatutoa bote, na mutoto wake hatarudi kuimba. Siwezi kuahidi kitu, na mimi si mutu wa kuaminiwa ahadi.

Nimebonyeza "tuma". Réseau iko bado imekosa. Ku kioo kumeandikwa kwamba habari inangoja, itajituma yenyewe kwa kila mutu wa comité, na pembeni kuko kitufe ya kuirudisha nyuma.

Kidole yangu haijaigusa. Ku mabati, mvua iko inapunguka.